Patasi ya Kumi na Tatu

Vijana wa karakana, siku mliponiaga kwa soda na keki mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Mwezi mzima sasa nimekaa barazani kwangu Ruhuwiko, na mke wangu, Mama Bosco, anasema kama kukaa ni kazi basi sijastaafu, nimepandishwa cheo. Kwa hiyo naandika, angalau aone mkono unasogea.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo kwetu vilikuwa viwili tu, anayepiga nyundo na anayezamisha chuma kwenye mafuta, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza nilivyoingia, walionifundisha, na lile jambo la Tunduru ambalo Gaudens huwasimulia nusu nusu kila akinikasirikia. Leo lipateni lote, kutoka kwa mwenye kosa.

Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumfurahisha mtu wala kumshangaza. Mama akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanipeleka nyuma ya soko la Songea kwa Mzee Anselmi. Babu yake Mzee alifua majembe. Baba yake alijifunza kufua zana za useremala kwenye karakana ya misheni, enzi misheni ilipokuwa ikijenga makanisa na maseremala wakililia patasi. Tangu hapo familia ile ilishika kitu kimoja tu: chuma cha kukata mbao. Patasi, vyuma vya randa, tezo. Mtu akija kuulizia jembe, Mzee alinyoosha kidole: "Kwa jirani." Akiulizia geti la nyumba: "Kwa jirani." Nilidhani jirani ndiye tajiri wa mji, kumbe hata yeye alikuwa anahangaika.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

"Marahaba. Umesoma?"

"Ndiyo, Mzee. Kidato cha nne."

Akatoa motoni vipande viwili vya chuma kwa koleo, akaviweka juu ya fuawe. "Kipi kimeiva zaidi?"

Ilikuwa nafasi yangu. Nikamweleza habari za joto na mwanga, chembechembe zinavyotikisika ndani ya chuma, na mengine niliyoyakumbuka vibaya kutoka darasani. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Chuma nacho kimepoa."

Watu wote karakanani wakacheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni binti yake, Osmunda. Nikaajiriwa. Nadhani walihitaji kichekesho.

Chumba cha kuzamishia mnakijua, kile cha nyuma kisicho na dirisha, mlango wake gunia zito. Mtu mwingine angekiona ni mahabusu. Mimi siku ya kwanza tu niliona nimefika. Giza, joto, hakuna wageni, hakuna wa kukutuma popote. Mimi ni mtu ambaye mpaka leo nikifika Madaba naanza kuulizia gari la kurudi.

Mzee alinifundisha mle ndani kwa miaka sita, kwa maneno machache sana. Wekundu wa chuma, alisema, huonekana sawasawa gizani tu. Kikifika wekundu wa pilipili iliyoiva, toa, zamisha kwenye mafuta, umepata ugumu. Ukikiacha kikafika rangi ya papai, umekiua, ingawa kwa nje kitang'aa kama ndugu zake. Penye mwanga macho hudanganyika, papai huonekana pilipili. Baada ya kuzamisha, chuma husuguliwa na kupashwa moto tena, taratibu, ili kipunguze ukali wa roho. Hapo rangi ya kutafuta ni njano ya mabua makavu, nayo kinyume chake haionekani gizani hata kidogo. Basi rangi ya kwanza mle ndani, rangi ya pili mlangoni kwenye mwanga. Kutoka jikoni hadi mlangoni ni hatua saba. Zishikeni hizo hatua saba, maana ndizo zilizonipeleka Tunduru.

Osmunda yeye alikuwa wa mawe ya kunolea, na wa mateso. Neno ni lake, si langu. Kwetu patasi zilifuliwa kumi na tatu kwa pamoja, zikauzwa kumi na mbili. Ya kumi na tatu ilikuwa ya kuteswa. Osmunda alifumba macho, akaokota moja katika lile fungu, akaigongea kwenye kifundo kigumu cha mbao ya mninga mkavu mapigo ishirini ya nyundo ya mti, kisha akaipindisha ndani ya tundu kama anang'oa jino. Ikipona, wenzake kumi na mbili wanaondoka. Yenyewe haiuzwi hata ikiwa nzima. Wateja wageni walituona wajinga kupoteza chuma kizima kila fungu. Wateja wa zamani hawakuuliza kitu.

Na kulikuwa na alama. Nukta tatu za familia karibu na shingo ya patasi, na chini yake mkwaruzo wa aliyezamisha. Wangu ulikuwa mstari mmoja mfupi uliolala. Osmunda alisema unanifanana. Chuma chenye mkwaruzo wako kikiharibika kwa mteja, hukutuma mtu. Ulikwenda mwenyewe, na kipya mkononi, ukakivunja kibovu mbele yake. Mzee katika maisha yake alikuwa amekwenda mara mbili, zote kwa miguu. Mimi nilijiwekea lengo la kutokwenda kabisa, na kwa miaka mingi lengo hilo lilinifanya niwe fundi mzuri kuliko nilivyostahili. Wengine husukumwa na sifa. Mimi nilisukumwa na hofu ya kupanda gari.

Ndipo ikaja miaka ya ruksa. Ninyi mmezaliwa maduka yamejaa, hamwezi kujua. Kabla yake tulikuwa tunaokota springi za malori yaliyokufa, na msumeno wa dukani ulikuwa habari ya kusimuliana. Ghafla mipaka ikalegea, na pale sokoni zikatundikwa patasi kutoka nje, seti nzima ndani ya mfuko wa plastiki, mipini ya njano inayong'aa kama pipi. Zilikuwa nafuu mno. Zilipinda ukigonga kifundo, lakini mtu hagongi kifundo dukani.

Gaudens, mtoto mkubwa wa Mzee, ndiye aliyekuwa anashika usukani, kwa sababu macho ya Mzee yalikuwa yameingia ukungu. Alikonda mwaka ule. Kila jioni alipita madukani kuhesabu mifuko ya plastiki, akarudi na uso wa mtu aliyetoka mazishini.

"Wenzetu wanashusha katoni," alisema. "Sisi tunatesa patasi."

"Tesa na wewe katoni," Osmunda alimjibu.

Hakucheka. Wateja wa Songea walikuwa wanapungua kweli. Aliyebaki na sisi bila kuyumba alikuwa Fundi Issa wa Tunduru, Myao, mtu wa watu, ambaye maseremala wa upande ule walinunua anachonunua yeye. Fundi Issa akihama, Tunduru yote imehama. Na msimu ule alituagiza patasi nene kumi na mbili za kutobolea, kwa ajili ya milango na miimo ya msikiti mpya. Alitaka zifike na lori la Jumanne.

Sasa nije kwangu. Pamoja na patasi za njano, ruksa ilileta mabati ya plastiki meupe yanayopitisha mwanga. Nilipoliona moja kwa jirani, yule wa majembe na mageti, niliwaza hivi: nikilipachika juu ya jiko la kuzamishia, rangi ya pili nitaiona palepale, bila kwenda mlangoni. Nitaokoa hatua saba. Nikiwa na patasi kumi na tatu, kwenda na kurudi, ni hatua mia na themanini na mbili. Hesabu niliipiga sawasawa kabisa. Ndiyo hesabu pekee niliyowahi kuipatia tangu shule.

Sikumwambia mtu. Jumapili baada ya misa nilipanda paani, nikang'oa kipande cha bati la zamani, nikapachika jeupe. Jumatatu nikazamisha fungu la Fundi Issa nikiwa nimeketi kwenye kigoda, kama bwana harusi. Njano ya mabua niliiona vizuri ajabu. Nilijisifu peke yangu, kwa sauti.

Jumanne asubuhi lori likawa linanguruma barabarani. Osmunda alikuwa amemaliza kunoa, akafumba macho kuokota ya mateso.

"Acha kwanza," Gaudens alisema. "Dereva anaondoka."

"Ni mapigo ishirini tu."

"Osmunda! Tukikosa lori hili ni wiki nzima. Funga kumi na mbili, hiyo moja utaitesa baadaye. Lini Kanisius aliharibu?"

Nilikuwepo. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayesifiwa. Lori likaenda.

Patasi ya kumi na tatu ilikaa rafuni hadi Alhamisi. Saa nne hivi nilisikia naitwa.

"Kani."

Hakupaza sauti, na Osmunda asipopaza sauti ujue kuna msiba. Nikamkuta amesimama mbali na benchi, mkono sikioni. Kwenye kifundo cha mninga patasi ilikuwa imebaki bila kona.

"Pigo la tatu," alisema. "Kimepita hapa." Alionyesha penye sikio. "Nimekisikia kikigonga ukuta."

Tukaitazama pale ilipokatika. Chuma chetu kikivunjwa huonyesha ndani laini kama majivu. Hiki kilikuwa na chembe kubwa zinazometameta, kama chumvi ya mawe. Nilijua maana yake, ila nilikataa kuijua.

Gaudens alimleta Mzee kwa kumshika bega. Mzee hakuhitaji macho. Alipitisha ukucha juu ya sehemu iliyokatika, polepole, mara mbili.

"Papai," alisema.

"Haiwezekani, Mzee. Niliziona mwenyewe. Zilikuwa pilipili, zote kumi na tatu."

"Nipeleke chumbani."

Tukaingia wote wanne. Mzee alisogea hadi mbele ya jiko, mahali alipokuwa amesimama maisha yake yote, akavua kofia. Akakaa hivyo kidogo, uso juu.

"Kanisius," aliuliza, "mbona jua linaniwaka kichwani?"

Wote walitazama juu, kisha wakanitazama mimi. Nimewahi kuungua mkono, nimewahi kuangushiwa fuawe kidoleni. Hakuna kilichouma kama lile swali, lililoulizwa kwa upole na mtu aliyetaka kweli kujua.

Mlango wa msikiti hautobolewi kwa kubembeleza. Patasi nene hupigwa kwa nguvu zote, na seremala huinama juu yake aone mstari wake. Kila mmoja wetu mle ndani aliona jambo lile lile, bila kulitamka: uso wa mtu, umeinama, kiganja kimoja kutoka kwenye chuma changu.

Nilipanda paani nikaling'oa bati lile kwa mikono. Tulikuwa na miili ya patasi iliyofuliwa tayari ghalani. Nikazizamisha gizani siku ile ile, nikizihesabia hatua zangu saba kama rozari, na Osmunda akaitesa moja mapigo arobaini, mara mbili ya kawaida, akinitazama mimi badala ya mninga. Ikapona. Jioni nikamwambia Gaudens kwamba goti langu limeanza tena.

"Goti lipi?"

"La kushoto."

"Jana lilikuwa la kulia," alisema. "Nimekupatia lori la mahindi la kesho alfajiri, Kani. Mkwaruzo ni wako."

Kisha akanivuta pembeni, akashusha sauti. "Sikiliza. Ukifika usiseme tumeunguza. Ukisema vile mbele ya watu, wale wa mifuko ya plastiki hawatahitaji tangazo jingine. Sema tumeboresha, tunambadilishia bure kwa sababu ni mteja wetu. Atafurahi. Kuna familia nne zinakula hapa."

Sikumbishia. Nikisema nilikataa nitakuwa nawaongopea. Niliona ni ushauri mzuri mno, maana ulinisaidia nisijitaje.

Mama Bosco alinifungia mihogo ya kuchemsha na kusema, "Leo ndiyo nimeamini dunia inaelekea mwisho, Baba Bosco anasafiri." Lakini alinisindikiza hadi kwenye lori, na hakutania tena.

Njia ya Tunduru wakati wa mvua siwezi kuieleza, na nikiieleza nitaonekana shujaa. Tulikwama mara tano kabla na baada ya Namtumbo. Siku mbili nilikaa juu ya magunia nimepakata mfuko wenye patasi kumi na mbili, na kila lori lilipokwama nilihesabu: leo wamepima mbao, leo wameanza kutoboa. Dereva aliniuliza kama nakwenda kwenye msiba. Nilimjibu bado.

Tulifika Jumapili asubuhi. Kwa Fundi Issa ni uwanja mpana mbele ya nyumba, mabenchi manne chini ya paa la makuti, na ng'ambo ya barabara duka la vifaa, lenye ile mifuko ya plastiki imening'inia mlangoni. Nilisikia milio ya nyundo za mti kabla sijauona uwanja.

"Asalaam aleikum!" Fundi Issa alinyanyuka, mikono wazi. "Mngoni kafika kwangu! Jamani, njooni mumwone! Huyu ndiye yule hatoki nje hata kukojoa!"

"Waaleikum salaam. Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, marahaba. Nani kafa?"

Watu wakacheka. Maseremala watatu walikuwa kwenye mabenchi, patasi zangu mikononi. Waliinama tena, wakaendelea kupiga.

"Hakuna aliyekufa, Fundi. Tume... tumeboresha. Zile patasi. Tumetoa nzuri zaidi, nimeleta nikubadilishie. Bure."

Fundi Issa aliokota moja ya zile mbovu, akaipapasa makali kwa kidole gumba. "Nzuri zaidi ya hizi? Wallahi tangu nianze kununua kwenu sijapata patasi inayoingia mninga namna hii. Siku tatu hatujazinoa! Sasa mmeona mmenipa vizuri sana, roho inawauma, mnataka kuzirudisha mkamuuzie mwingine."

"Sivyo, Fundi."

"Ndivyo! Nawajua watani zangu. Sikupi." Akacheka, akaiweka patasi kwenye mstari wa penseli, akainua nyundo, akainama.

Chuma kilichoungua ndivyo kilivyo, hushika makali kama wembe mpaka dakika kinapopasuka. Nililijua hilo. Uongo wa Gaudens ulikuwa umefika mwisho wake, na nyundo ilikuwa juu.

"Usipige!"

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Nyundo zote zikasimama. Hata mwenye duka ng'ambo alitoka mlangoni.

"Zimeungua," nilisema. "Mimi ndiye niliyeziunguza. Niliweka bati la mwanga kwenye chumba cha giza, ili nisitembee. Hazikuteswa kabla ya kuondoka. Weka chini, Fundi. Kila mtu aweke chini. Tafadhali."

Fundi Issa aliishusha nyundo, hacheki tena. Nikaichukua patasi mkononi mwake, nikailaza juu ya jiwe la kizingiti, nikafunika kwa gunia, nikaigonga kwa nyundo ya chuma. Ilivunjika kama sahani. Nikafunua gunia. Walisogea wakatazama zile chembe zinavyometameta, na mmoja akajishika jicho pasipo kujijua.

"Karibuni kwangu," mwenye duka aliita kutoka ng'ambo. "Zangu hazivunjiki!"

"Zako hazivunjiki kwa sababu zinapinda," Fundi Issa alimjibu, lakini hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Na hili ulitaka kuniambia ni kuboresha."

Nikanyoosha mkono kupokea zilizobaki.

Nikavunja moja moja, juu ya lile jiwe, chini ya lile gunia, watu wote wakiangalia. Wawili kati ya wale maseremala walivuka barabara kabla sijamaliza na kurudi na mifuko ya plastiki. Niliwaona na nikaendelea kugonga. Nilipofika mwisho nikahesabu vipande vyenye nukta tatu. Kumi na kimoja.

"Ya kumi na mbili iko wapi?"

Fundi Issa akageuka upande wa msikiti. "Rajabu," alisema. "Mdogo wangu. Ameondoka nayo asubuhi kwenda kutoboa miimo."

Tulikwenda haraka, mimi na magoti yangu yote mawili, na sikumbuki yakiuma. Msikiti ulikuwa kuta tupu na miimo iliyolazwa uani. Hakukuwa na mlio wa nyundo. Nikatafuta mlio ule niliouogopa siku mbili nzima, nikautamani.

Rajabu alikuwa amekaa kwenye rundo la mchanga, kitambaa shavuni, damu imefika kwenye kola. Patasi ilikuwa miguuni kwake, haina ncha.

"Onyesha," Fundi Issa alisema.

Akaondoa kitambaa. Kipande kilikuwa kimeingia chini ya jicho la kulia, na kati ya kidonda na jicho usingeweza kuweka kidole. Alikuwa amekwisha kukitoa, amekishika mkononi. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele.

"Unaona?" nikamuuliza. "Jicho, unaona nalo?"

"Nakuona wewe, bahati mbaya," alisema. "Ni nani huyu?"

"Ndiye aliyezamisha," kaka yake akamjibu.

Nilimweleza yote upya, nimesimama mbele yake kama mwanafunzi. Bati, hatua saba, lori, na lile neno la kuboresha pia. Nilipomaliza nikatoa patasi mpya mfukoni, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Aligeuza, akaona nukta tatu, akauona na mstari wangu mfupi.

"Hii nayo ni mkono wako?"

"Ni wangu. Gizani safari hii. Fungu lake limeteswa."

"Limeteswa na nani?"

"Na dada mmoja anaitwa Osmunda."

"Simjui." Akanirudishia, akaashiria mwimo uliokuwa na tundu alilolianza, penye kifundo cheusi cha mninga. "Piga wewe."

Nikapiga magoti. Nikaisimamisha patasi, nikainua nyundo, nikapiga pigo moja nimejiweka mbali, shingo imerudi nyuma kama kobe.

"Hivyo ndivyo mnavyotoboa Songea?" Rajabu aliuliza. "Inama. Kama mimi nilivyoinama."

Nikainama.

"Inama zaidi. Mstari hauuoni hapo."

Nikashuka mpaka nikanusa mninga. Makali ya patasi yalikuwa kiganja kimoja kutoka usoni kwangu. Nilitaka sana kufumba macho, na niliona viatu vya Rajabu vimesogea, akiangalia kama nitafumba. Nikapiga. Nikapiga tena. Osmunda huhesabu kwa sauti, mimi nilihesabu moyoni, na kila namba nilidhani ni ya mwisho niliyopewa kuihesabu nikiwa na macho mawili. Kwenye kumi na moja kifundo kikaachia. Kwenye ishirini nikaipindisha patasi ndani ya tundu, na kifundo kikatoka kizima, kikaviringika mchangani.

Patasi ilikuwa nzima. Rajabu aliichukua, akaitazama ncha yake juani, akanisukuma taratibu kwa goti nimpishe. Akaanza tundu la pili. Sikupewa asante, na nilishukuru sikupewa.

"Mwoga kweli huyu," nilimsikia akimwambia kaka yake nyuma yangu. "Jasho lake limelowesha mbao."

Niliporudi, Gaudens hakusema nami siku nne. Alikuwa na haki yake. Habari zilifika Songea kabla yangu, na miezi kadhaa Tunduru ilikaa kimya kabisa. Tulipunguza makaa, tukazima jiko moja, na Osmunda akaendelea kutesa ya kumi na tatu hata tulipokuwa hatuna wa kumuuzia zile kumi na mbili. Kila asubuhi nilitembea hatua zangu saba kwenda na saba kurudi, na hakuna aliyenitania. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Mvua zilipokatika, dereva wa lori alishuka na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, maandishi ya penseli ya seremala. Gaudens alikipokea, akakisoma kimya, kisha akapanda juu ya kigoda ili Mzee naye asikie kutoka barazani, na akasoma tena kwa sauti.

"Patasi nene ishirini na nne. Azamishe yule mwoga. Rajabu."

Karakana nzima ilicheka mpaka Mzee akaanza kukohoa. Gaudens alikisoma mara ya tatu, kwa sauti ya padri anayesoma matangazo ya ndoa. Sikumzuia.